Herufi Nene za Vichwa: Kikundi Chenu Kichague Namna Gani?



Safari hii tunataka kuzungumza juu ya jambo ambalo wengi wataliona dogo: zile herufi nene zinazoandikwa juu kabisa ya ukurasa wa intaneti. Vikundi kadhaa huku kwetu vimeanza kutengeneza kurasa za kutangaza viazi, maziwa, miche na asali. Vijana wetu ndio wanaofanya kazi hiyo, na wanaifanya vizuri. Lakini ikifika mahali pa kuchagua herufi za kichwa, kila mtu anapenda yake, na mara nyingi inayoshinda ni ile yenye mapambo mengi.

Hebu tuanze na kisa kimoja. Kikundi cha wakulima wa viazi, ambacho hatutakitaja jina, kiliweka juu ya ukurasa wake herufi nene sana, zimebanana kama watu ndani ya matatu siku ya soko. Nambari ya simu nayo iliandikwa kwa herufi zizo hizo. Mnunuzi kutoka mjini akaisoma 3 akadhani ni 8. Akapiga, akapata mtu asiyejua lolote juu ya viazi. Akajaribu tena, akachoka, akaenda kununua kwingine. Viazi vilikuwa aina ya Shangi, na nyinyi wakulima mnajua Shangi haikai sana kabla ya kuchipua. Wiki mbili zilipita kabla ya mtu kugundua kosa. Walipouza hatimaye, waliuza kwa bei ya kuokoa tu.

Kwa hivyo, ndugu zetu, herufi si urembo peke yake. Zinaweza kuleta mteja, na zinaweza kumpoteza.

HERUFI ZA KICHWA NI NINI?

Mtindo mmoja wa herufi, kutoka A mpaka Z pamoja na nambari na alama zake, huitwa fonti. Ziko fonti za kusomea maandishi marefu, kama haya mnayosoma sasa, na ziko za vichwa. Fonti ya kichwa imechorwa ionekane ikiwa kubwa. Mistari yake ni minene, na nafasi zilizo ndani ya herufi, kama tundu la "o" au la "e", ni ndogo.

Hapo ndipo palipo nguvu yake na udhaifu wake. Ikiwa kubwa, inavuta macho. Ukiipunguza iwe ndogo, matundu yanajaa na herufi zinakuwa kama madoa ya wino. Ndiyo maana hatuandiki habari nzima kwa fonti ya kichwa. Ni kama jembe na kijiko: vyote ni vyombo, lakini hakuna anayekula ugali kwa jembe.

ZIMETOKA WAPI?

Herufi hizi nene si jambo la kompyuta. Zilianza Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1800, wakati viwanda vilipoongezeka na kila mwenye bidhaa akataka tangazo lake lionekane ukutani kuliko la jirani. Kabla ya hapo wachapaji walikuwa na herufi za vitabu tu. Mwaka 1828 Darius Wells wa New York alitoa orodha ya herufi kubwa zilizochongwa kwa mbao, kwa sababu herufi za risasi zikiwa kubwa sana zilikuwa nzito na ghali.

Na sisi Afrika Mashariki tuna mfano wetu tunaoujua tangu utotoni. Angalieni kanga. Maneno yake ni machache, yameandikwa kwa herufi kubwa na nene, mahali pamoja, na hakuna maua yanayopita juu yake. Mama akipita ng'ambo ya barabara unausoma ujumbe wake bila kumsimamisha. Wafanyabiashara wa Mombasa, kama Kaderdina Hajee Essak ambaye kanga zake zinajulikana kwa jina la Mali ya Abdulla, walielewa jambo hili zamani sana. Ukitaka kujifunza kichwa kizuri, anza kwa kanga.

Mfano mwingine ni matatu za kutoka Molo kupitia Keringet kwenda Olenguruone. Mchana kweupe unaweza kusoma maneno ya aina yoyote kwenye gari. Lakini asubuhi, ukungu ukiwa umeshuka, ni maandishi manene na mafupi tu unayoyaona kabla gari halijakupita. Mtu anayetazama ukurasa wenu kwa simu naye ni kama aliye katika ukungu: jua linapiga kioo, simu ina nyufa, au miwani ameisahau nyumbani.

MAMBO SITA YA KUANGALIA

1. Je, kila herufi inajulikana na mwenzake?

Andikeni jina Keringet kwa fonti mnayotaka kuchagua. Tazameni "r" na "i" zinazofuatana. Zikibanana sana, na nukta ya "i" ikiwa imemezwa, zinaonekana kama "n", na mgeni atasoma "Kennget". Halafu andikeni 3, 6, 8 na 9 pamoja. Kisha sifuri na herufi O. Kisha nambari moja, "I" kubwa na "l" ndogo. Ikiwa mnasitasita ninyi wenyewe mlioyaandika, mnunuzi atafanyaje?

Ushauri wetu ni kwamba nambari ya simu na nambari ya kulipia kwa M-Pesa zisiandikwe kamwe kwa fonti ya mapambo. Ziandikeni kwa fonti ya kawaida, kwa ukubwa wa kutosha, zikiwa zimegawanywa kwa nafasi. Pesa ikitumwa kwa nambari isiyo yenu, kuirudisha ni kazi.

2. Je, fonti ina herufi za lugha zetu?

Hapa wengi hujikwaa. Sisi huku tunaishi pamoja, Wakipsigis, Waogiek, Wakikuyu, Wakisii na wengine. Kiswahili kinahitaji alama moja ya pekee, ile ya ng' katika ng'ombe. Andikeni NG'OMBE muone ile alama inakaa wapi. Katika fonti nyingine za mapambo inaacha pengo kubwa, na neno linaonekana kama maneno mawili. Alama hiyo hutumika pia katika maandishi ya Kikalenjin, kwa hivyo msiipuuze.

Gĩkũyũ kina herufi ĩ na ũ. Fonti nyingi za kichwa hazina herufi hizi. Ikikosekana, simu huchukua herufi hiyo kutoka fonti nyingine, na kichwa kinatokea kama nguo yenye kiraka: herufi tatu nene, moja nyembamba, mbili nene tena. Mwenye lugha yake ataona amedharauliwa hata kama hamkukusudia.

Iko njia rahisi ya kujua. Kivietnam, lugha ya watu wa Vietnam huko Asia, nacho hutumia ĩ na ũ. Kwa hivyo mkiona fonti imeandikwa kuwa inafaa Kivietnam, basi karibu kila mara itafaa Kikuyu pia. Hata hivyo, jaribuni kwa macho yenu kabla ya kuamini.

3. Je, maneno yetu marefu yanatosha?

Kiswahili hupenda maneno marefu. Kioo cha simu nyingi kina upana wa kama nukta 360, kwa kipimo wanachotumia watengenezaji wa kurasa. Tuseme kichwa kina ukubwa wa nukta 40. Katika fonti pana na nene, herufi kubwa moja inaweza kuchukua nukta 28 hivi. Neno WAFANYABIASHARA lina herufi 15. Mara 28 ni nukta 420. Halitoshi! Litakatika katikati au litatoka nje ya kioo. Katika fonti nene lakini nyembamba kwa umbo, herufi moja huchukua kama nukta 18, na neno zima ni nukta 270. Linatosha vizuri na nafasi inabaki.

Ndiyo sababu fonti nene zilizo refu na nyembamba zinatufaa sana sisi waandishi wa Kiswahili. Njia nyingine ni kuchagua maneno mafupi. "VIAZI SHANGI, GUNIA LA KILO 50" ni kichwa bora kuliko "TANGAZO KWA WAFANYABIASHARA WOTE". Mnunuzi anataka kujua mna nini. Na hiyo kilo 50 si ya kubahatisha: ndiyo kipimo cha juu cha gunia la viazi kwa kanuni za mwaka 2019. Mkiiweka kichwani, mnunuzi anajua mnafuata sheria.

4. Je, unene ni wa kweli au wa bandia?

Jambo hili linawahusu vijana wanaotengeneza, lakini ni vizuri mwenyekiti naye alielewe. Unene wa fonti hupimwa kwa nambari, kutoka 100 ambayo ni nyembamba kabisa hadi 900 ambayo ni nene sana. Ya kawaida ni 400, na nene ni 700.

Sasa, fonti nyingi za kichwa zina unene mmoja tu. Zimechorwa zikiwa nene tayari, lakini katika faili zinahesabiwa kuwa ni 400. Ukurasa wa intaneti nao, usipoambiwa vingine, hutaka kila kichwa kiwe 700. Simu ikikosa 700 inajitengenezea unene wa bandia: inapaka herufi mara ya pili, pembeni kidogo. Ile iliyokuwa nene inakuwa nene juu ya nene, matundu yanazibika. Watu hulaumu fonti, kumbe kosa ni la maagizo. Dawa yake ni mstari mmoja tu: kijana auambie ukurasa kwamba kichwa hicho kiwe na unene wa 400.

5. Je, itafika kwenye simu ya mtu wa kawaida?

Kuna fonti inayoitwa Impact, iliyochorwa na Mwingereza Geoffrey Lee mwaka 1965. Ni nene sana, na imekuwa ikija pamoja na kompyuta za Windows kwa miaka mingi. Mkikaa saiba mnaiona ni tamu. Lakini simu za Android kwa kawaida hazina fonti hiyo. Mkirudi nyumbani na kufungua ukurasa kwa simu, mnakuta herufi nyingine kabisa. Kwa hivyo fonti mnayoichagua ni lazima iwekwe pamoja na ukurasa, isafiri nao.

Ikisafiri, inakula bando la mtu. Faili moja ya fonti kwa kawaida ni makumi ya kilobaiti, ambayo si nyingi ukilinganisha na picha moja ya simu. Lakini mkiweka fonti tano, kila moja na unene mara nne, mmeongeza mzigo bure. Mahali ambapo mtandao unakuja na kuondoka, vivinjari vingi huficha maandishi hadi sekunde 3 vikingoja fonti ifike. Mwambieni fundi wenu aweke agizo la kuonyesha maandishi mara moja kwa fonti yoyote iliyopo, halafu fonti yenu ichukue nafasi ikifika. Fonti moja ya kichwa na moja ya kusomea zinatosha. Kabisa.

6. Je, tuna ruhusa ya kuitumia?

Fonti ni kazi ya mtu, kama vile kiti ni kazi ya seremala. Fonti nyingine zimeandikwa kuwa ni za bure "kwa matumizi ya binafsi". Kikundi kinachouza maziwa si mtu binafsi. Hiyo ni biashara. Someni masharti kabla ya kutumia.

Ziko fonti ambazo wenyewe wametoa ruhusa kwa wote. Shirika la SIL, lililoanza mwaka 1934 na linalojulikana kwa kazi ya kuandika lugha ambazo hazikuwa na maandishi, lilitoa mwaka 2005 leseni ya wazi ya fonti. Fonti yenye leseni hiyo mnaweza kuitumia hata katika biashara bila kulipa. Kisichoruhusiwa ni kuiuza fonti yenyewe peke yake. Fonti nyingi zilizo katika Google Fonts, mkusanyiko ulioanza mwaka 2010, zina leseni hii.

FONTI CHACHE ZA KUANZIA

Hatuwalazimishi, ila hizi tumeziona zikifanya kazi:

Anton ni nene sana na imebanwa. Inafaa kichwa kimoja kikubwa cha maneno matatu au manne. Ina unene mmoja tu, kwa hivyo kumbukeni onyo la nambari 4.

Oswald nayo imebanwa, lakini ina unene wa ngazi mbalimbali. Inafaa mahali penye vichwa vingi na maneno marefu.

Montserrat ni pana. Ilichorwa na Julieta Ulanovsky wa mji wa Buenos Aires, Argentina, akifuata mabango ya zamani ya mtaa wake. Tunaipenda habari hiyo. Hata mabango ya mafundi wetu wa Molo na Nakuru siku moja yanaweza kuwa fonti. Kwa maneno marefu, punguzeni ukubwa wake.

Andika, naam, jina lake ni neno letu la Kiswahili. Ni kazi ya SIL, na ilichorwa kwa ajili ya watu wanaoanza kusoma, ili kila herufi itofautiane wazi na nyingine. Ina unene wa kawaida na ule mnene. Haina mbwembwe. Kikundi chenye wazee, au kinachoendesha darasa la ngumbaru, kitafaidika nayo.

Zote nne zina herufi za Kivietnam, kwa hivyo ĩ na ũ zimo.

RANGI NA NAFASI

Herufi nene ya manjano juu ya nyeupe haionekani, hata iwe nene kama gogo. Wataalamu wa kurasa wameweka kipimo: tofauti ya mwanga kati ya herufi na mandhari yake isipungue 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida, na 3 kwa 1 kwa maandishi makubwa. Ziko programu za bure za kupima. Bila programu, zimeni mwanga wa simu mpaka karibu na mwisho kisha msome. Kama kichwa kimepotea, badilisheni rangi. Nyeusi, kijani kilichoiva au buluu nzito juu ya nyeupe haijawahi kumwangusha mtu.

Msiweke kichwa juu ya picha ya shamba lenye majani mengi. Na msiandike kila kitu kwa herufi kubwa. Kichwa kifupi, sawa. Lakini aya nzima ya herufi kubwa ni kama mtu anayepiga kelele mkutano mzima: mwishowe hakuna anayemsikiliza.

NAMNA YA KUAMUA BILA KUGOMBANA

Tumeona vikundi vikizozana juu ya herufi hadi mkutano ukavunjika. Jaribuni njia hii:

a) Chagueni fonti tatu tu. Zipeni namba, msizitaje majina.

b) Kwa kila moja, andikeni kichwa kile kile: jina la kikundi kama lilivyo kwenye cheti chenu cha usajili, halafu Keringet, ng'ombe, Gĩkũyũ, na 0123456789.

c) Fungueni kwa simu ya bei ndogo kuliko zote kikundini. Msitumie simu mpya ya katibu.

d) Tokeni nje juani. Simu iwekwe juu ya meza. Kila mtu asimame hatua tatu kutoka mezani na asome kwa sauti.

e) Waanze wazee wasio na miwani, na mtoto wa darasa la tatu. Wakisoma bila kusita, hiyo imefaulu.

f) Mpeni mgeni asiyejua kikundi aiandike nambari ya simu kama anavyoiona. Akikosea hata tarakimu moja, hiyo fonti iondoke.

g) Zikibaki mbili, pigeni kura ya mikono.

Mtaona kwamba ile iliyopendwa mwanzoni kwa mapambo yake mara nyingi ndiyo inayoanguka hatua ya (d).

Na kile kikundi cha viazi? Walikaa chini, wakafanya majaribio haya. Wakaacha kichwa kinene cha maneno manne, na nambari ya simu wakaiandika chini yake kwa fonti ya kawaida, kwa makundi ya tarakimu tatu tatu. Hawakununua kitu chochote kipya. Mavuno yaliyofuata, mwekahazina wao alituambia kwamba simu zilianza kuingia, na hakuna mnunuzi aliyelalamika kwamba amepata mtu mwingine. Viazi viliondoka kabla ya kuchipua.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Mgeni akifungua ukurasa wetu kwa sekunde tano tu, atajua tunauza nini na tuko wapi?

2. Nani katika kikundi chetu hawezi kusoma kichwa chetu cha sasa? Tumewahi kumwuliza?

3. Je, lugha za wanachama wetu wote zimeandikwa sawasawa?

4. Nani anajua fonti yetu ilitoka wapi, na masharti yake ni nini?

5. Bango letu la barabarani na ukurasa wetu vinafanana? Mteja aliyeona kimoja atakitambua kingine?

Jaribuni katika mkutano wenu ujao. Chukueni nusu saa tu, na msisahau kumwita yule nyanya asiye na miwani. Huyo ndiye mwalimu wenu siku hiyo.